Bega la Nyuma

Rolo ya nailoni ya kufungia maziwa haibebwi na mtu mmoja. Katikati ina tundu, tunduni hupitishwa bomba la chuma, na bomba hukaa juu ya mabega mawili, la mtu wa mbele na la mtu wa nyuma. Katika kiwanda kimoja cha maziwa mjini Mbarara rolo hizo zilitoka stoo ya juu, zikapita kwenye ujia mrefu, kisha zikateremshwa kwa ngazi za saruji mpaka ukumbi wa chini, ambako mashine zilizikata na kuzijaza maziwa. Ngazi zilikuwa na maji wakati wote, maana juu yake ilipita paipu inayovuja. Kila mtu kiwandani aliijua paipu hiyo. Meneja mwenyewe alipopita hapo aliinamisha kichwa asidondokewe.

Mtu wa mbele alikuwa Venuste na mtu wa nyuma alikuwa Gervais, wote Warundi, majirani wa kijiji cha Kashojwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mtu wa mbele huiona njia. Mtu wa nyuma huona rolo na kisogo cha mwenzake, basi. Kwa hiyo Venuste alikuwa akiisema njia kadiri alivyoikanyaga: "Kona." "Mlango." "Maji." Na Gervais alijibu kila mara, "Nimeona," ingawa hakuwa ameona kitu. Walijifunza hivyo walipokuwa vijana kwao, wakibeba wagonjwa kwa machela ya kusukwa kutoka mlimani hadi zahanati. Jibu lile lilikuwa la kumjulisha wa mbele kwamba hajaachwa peke yake na mzigo.

Kuna watu ambao ukiwatanguliza wanapotea hata uani kwao. Gervais alikuwa mmoja wao na hakuona haya kulisema. Kanisani aliimba sauti ya chini, akingoja wengine waanze. Walipoikimbia nchi yao alitembea wa mwisho, godoro kichwani. Herbert, msimamizi wa zamu, mwanajeshi mstaafu ambaye bado alikaa karibu na kambi ya jeshi, aliwahi kutaka kumpandisha awe kapita wa wabebaji.

"Shefu, uniache tu huku nyuma," Gervais alimwambia. "Huku niko natumika muzuri."

"Wewe mzee, mutu gani anakataa kuwa mukubwa?" Herbert aliuliza, lakini hakumlazimisha. Viwanda vinawahitaji sana watu wa namna hiyo, wa kumpa fundi spana kabla hajaiomba, wa kushikilia upande ule mwingine wa kila kitu. Kutangulia si kufika, walisema wahenga, ingawa wahenga wenyewe walitangulia.

Mkewe Marcienne aliporudi Burundi na binti yao Élyse, walikubaliana kwamba yeye atangulie na Gervais amfuate. Marcienne akatangulia. Gervais alifungasha, akafungua, akafungasha tena, na kila alipofika mlangoni na mfuko wake aliiona barabara iko wazi mbele yake, hakuna mgongo wa mtu, akarudi ndani. Akabaki katika chumba cha kupanga mtaa wa Nyamityobora, hapo Mbarara, na kitanda, na jiko la mkaa, na kikombe kimoja. Alikuwa mpweke, hakuna haja ya kulizungusha neno. Saa zake nzuri zilikuwa zile za bomba begani.

Venuste alikufa asubuhi moja ya mvua. Alifika kwenye ngazi akasema, "Maji." Gervais akajibu, "Nimeona." Kisha miguu ya Venuste ikatoka chini yake, na rolo ikamfuata. Aliacha kupumua kabla hawajamwondolea mzigo kifuani. Herbert na wengine walimbeba, wakamtoa nje ya geti, wakamlaza kando ya barabara ambako nyasi ni laini, na huko ndiko polisi walikomkuta. Meneja alieleza kwamba Venuste alikuwa ameacha kazi asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyekufa alikuwa mtu wa kupita.

Walimzika Kashojwa. Siku ya kwanza ya kazi baada ya mazishi Gervais aliingia stoo, akapitisha bomba kwenye rolo, akachuchumaa upande wake wa nyuma kwa mazoea tu, maana mtu wa kumsaidia alikuwa hajaletwa. Alipoinuka, upande wa mbele nao uliinuka. Juu ya rolo alikiona kisogo cha Venuste, na masikio yake yaliyokaa mbali kidogo na kichwa, na kola ya shati la bluu ambayo Doriane, mke wa Venuste, aliishona upya kwa uzi mweupe.

"Mlango," alisema Venuste.

"Nimeona," alijibu Gervais, na safari hii aliona kweli, kwa kuwa machozi yalimfanya ainue uso.

Wengine hawakukiona kisogo. Aliyesimama pembeni aliona bomba likielea mbele na mzee mmoja nyuma. Aliyezunguka mbele aliona ncha ya bomba ikimjia usawa wa bega, akapisha. Venuste alionekana na mtu aliyesimama nyuma yake tu, akiwa na mzigo begani. Bomba likiwekwa chini, hakuwapo tena.

Yudaya, mwanamke wa mapokezi aliyepima maziwa ya wafugaji na kupiga deki sakafu yake mwenyewe, alikuwa wa kwanza kulalamika.

"Mzee Gerevazi, mwambie rafiki yako anakanyagia sakafu yangu na udongo ya Nakivale," alisema. "Mimi nimetoka kupiga deki sasa hivi, sebo."

Ilikuwa kweli. Nyayo za udongo mwekundu zilikuwa zimetoka stoo hadi mashineni, nyayo za mtu asiye na viatu. Herbert akazitazama, akaleta jozi ya gambuti nyeupe za mpira, akaziweka mbele ya rolo.

"Hapa ndani hakuna mutu anaingia bila gambuti," alisema, "hata kama anatoka mbinguni."

Kesho yake sakafu ilikuwa na alama za soli. Yudaya akaridhika, na tangu hapo ncha ya bomba ilipompita aliisalimia kwa Kinyankore, jinsi alivyozoea kumsalimia Venuste. Mtu mpya wa kubeba hakuletwa.

Gervais aliongea naye njiani. Kwenye ujia mrefu alimweleza kwamba Marcienne amepiga simu, kwamba Élyse ameng'oka jino, kwamba mvua imenyesha Kashojwa. Venuste hakusema lolote ila njia. "Kona," alisema. "Mlango." Hakugeuka pia. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kugeuka, kwa hiyo Gervais hakuliona kuwa jambo la kumnunia. Lakini mchana, wabebaji walipokaa kwenye benchi kula posho na maharage, Gervais alikaa mwishoni na kuacha nafasi kando yake, na nafasi hiyo ilibaki tupu mpaka kengele ikalia.

Mwisho wa wiki alikwenda Kashojwa kumtembelea Doriane, Mama Rénovat kama majirani walivyomwita. Alimkuta amekaa nje ya nyumba yake ya udongo na turubai, kitambaa cheusi kichwani. Mashamba ya majirani yalikuwa yameota maharage. Lake lilikuwa na magugu.

Kwa watu wa mlima alikotoka Doriane, matanga hayaanuliwi mpaka lisemwe neno la mahali. Mtu akifia nyumbani kwako, wewe mwenye nyumba unasimama siku ya kuanua, mbele ya pombe ya ndizi na mashahidi, unasema: alifia kwangu, ilikuwa hivi. Hulaumiwi kwa kusema. Unapewa mrija wa kwanza. Lakini usiposema, marehemu hana mahali alipofia, na mjane wake anakaa kilioni: hapandi mbegu, haendi arusini, hanyoi nywele. Doriane alikuwa ametuma ujumbe kiwandani kupitia kwa katekista, na kiwanda kilikuwa kimejibu kwamba mtu huyo alikuwa wa kupita.

"Baba Élyse," Doriane alisema baada ya kumpa Gervais kiti. "Banasema uko unamuona."

"Namuona kisogo."

"Amenyolewa?"

"Bado. Nywele zimefika ku kola."

Doriane alikuwa amepanga kumnyoa Jumapili ya wiki ile aliyokufa, na alikuwa amekwisha kuazima mashine ya kunyolea kwa jirani. Ilikuwa bado ndani, jirani aliona haya kuidai.

"Na kola?"

"Uzi mweupe uko. Haujakatika."

Hapo alilia, bila kelele, akijifuta kwa upindo wa kitenge. Gervais alikaa naye. Kwao mtu wa kumshika mfiwa mgongo halazimiki kusema. Baadaye Doriane ndiye aliyelipata wazo.

"Kama anafikaka kila siku, ndiyo kusema hakuacha kazi," alisema. "Na kama hakuacha kazi, asubuhi ile alikuwa kazini. Bakubwa ba kiwanda bakimuona kwa macho yabo, batakataa namna gani? Batasema alifia kwabo. Sitaki kitu kingine, Baba Élyse. Baje baseme tu."

Gervais aliyapima maneno hayo, akayaona yamenyooka kama fito. Ni hesabu ambayo mtu mwema yeyote angeifanya. Shida yake ni kwamba ilihitaji mtu mwema upande wa pili.

Wakaenda pamoja. Doriane aliingia getini na kitambaa chake cheusi, na Herbert, ambaye hakuwa mtu mbaya mbele ya wajane, alimtafutia kiti na chai ya maziwa. Meneja akashuka kutoka ofisini. Alizungumza Kiingereza, na Herbert akatafsiri kwa Kiswahili cha jeshini. Gervais akapitisha bomba, akachuchumaa, akainuka. Rolo ikainuka. Gambuti nyeupe zikatembea. Sauti ya Venuste ikasikika kwenye ujia, ya kawaida, ya mtu aliye kazini: "Kona."

Doriane aliitambua, akasimama na kikombe mkononi. Alichokiona ni bomba hewani.

Meneja alitazama mpaka rolo ilipofika chini. Alionekana kufurahi. Akasema maneno marefu kidogo, na Herbert akayafupisha.

"Meneja anasema, kumbe mutu mwenyewe iko. Anasema, mutu amefika kazi leo asubuhi, amevaa gambuti ya kampuni, sasa yeye atasimama namna gani mbele ya watu aseme huyu amekufa kwangu? Watu watacheka. Anasema pole sana, nyabo. Anasema bwana yako anatumika vizuri, hachelewi."

"Lakini tulimzika," alisema Doriane.

Herbert akatafsiri. Meneja akajibu kwa upole.

"Anasema hiyo ni mambo ya Nakivale. Hapa kwetu iko kazini."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na meneja yule alikuwa hajawahi kubeba hata rolo tupu. Doriane akamalizia chai yake, maana kwao si adabu kuacha maziwa, akarudi Kashojwa na neno lile lile aliloondoka nalo. Kabla ya siku hiyo kiwanda kilikuwa kikisema Venuste aliacha kazi. Sasa kilisema hajaacha. Kwa vyovyote hakuwa amefia humo.

Kilichofuata hakikumshangaza mtu. Meneja alikuwa ameona kwa macho yake mbebaji mmoja akifanya kazi ya wawili, na mtu wa biashara akiona kitu cha namna hiyo halali vizuri. Herbert akaagizwa atafute wengine kama Gervais. Habari ikapita sokoni Nyamityobora, ikafika Kashojwa, ikafika Ngarama karibu na mpaka: wanatafutwa watu wa nyuma.

Herbert aliwahoji getini, amesimama, mikono mgongoni.

"Wewe unapenda kuongoza?"

"Hapana, afande."

"Uko na mutu yako, marehemu, alikuwa anatangulia?"

Kila mtu alikuwa naye. Mwanamume mmoja alikuwa na dada yake mkubwa, aliyewavusha mto gizani na hakuvuka. Mama mmoja wa Ngarama alikuwa na baba yake, aliyetembea mbele ya ng'ombe maisha yake yote. Mjane wa askari kutoka kambini alikuwa na mumewe, aliyetembea mbele ya wenzake, kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa. Foleni ilifika mpaka kwa wauza ndizi. Watu walisimama kwa utulivu, kila mmoja ameacha nafasi kidogo mbele yake.

Wakaajiriwa wengi. Herbert alijifunza haraka, alikuwa msimamizi mzuri. Aligundua kwamba waliokufa kwa ugonjwa mrefu huchoka kabla ya mchana, na waliokufa wakiwa safarini hawapendi kurudi stoo. Waliokufa ghafla, mguu mmoja umeinuliwa, ndio waliobeba vizuri kuliko wote. Kwa hiyo akaongeza swali: alikufa wapi, na namna gani? Watu walimjibu bila kuficha. Wengine hawakuwa wameulizwa swali hilo na mtu yeyote tangu walipovuka mpaka, na walipomaliza kujibu walimshukuru.

Ujia ukajaa sauti. "Kona," kwa Kirundi. "Kona," kwa Kinyankore. "Maji," kwa lugha ambayo Yudaya hakuitambua. Na nyuma yao sauti za walio hai zikijibu, kila mmoja kwa yake. Ukisimama ukumbi wa chini na kufumba macho ungedhani kiwanda kimejaa furaha. Lakini wabebaji walianza kukataa siku za mapumziko. Nyumbani marehemu hawakuja. Hawakuja mezani wala kitandani, walikuja penye mzigo tu. Jumapili, baada ya misa, watu waliketi kwenye ukingo wa barabara mbele ya geti lililofungwa, mmoja mmoja. Gervais alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na kipande cha mkate mfukoni na hakuwa na mtu wa kumkatia.

Ndipo Doriane aliporudi Mbarara. Alikuja asubuhi, kabla ya zamu, kitambaa cheusi kichwani na gambuti za kuazima mkononi. Alimngoja Gervais kando ya geti.

"Baba Élyse, nimekuja kukuomba bega lako," alisema.

Gervais alielewa papo hapo, na alitamani asingeelewa.

"Ni kazi nzito, Mama Rénovat. Bomba linakula nyama."

"Mimi nimebeba maji na kuni na batoto. Weye unamuona kila siku. Miye ni bibi yake, sijamuona tangu alipotoka na chakula yake mu mfuko. Nimesikia sauti tu, na bomba. Nipe nimuone kisogo."

Gervais alitazama barabara. Mle ndani, nyuma ya ukuta, kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho bado kilimtangulia. Akimpa Doriane nafasi yake, atakwenda nyuma ya nani? Aliufikiria mlango wa chumba chake, na ile barabara wazi. Hasira ilimpanda, na ilikuwa mara ya kwanza kumkasirikia Doriane, ambaye hakuwa na kosa. Kisha akaitoa ngata yake ya kitambaa, ile aliyokuwa akiiweka chini ya bomba, akamkunjia vizuri begani mwake na kuibana.

"Usitembee karibu na rolo," alimwambia. "Akisema kitu, jibu. Usikae kimya, hapendi. Ku ngazi atasimama, ile ya tatu kutoka juu. Anasimamaka pale kila mara. Usimsukume. Ataendelea mwenyewe."

Herbert akaja na funguo, akamwona mjane.

"Nyabo, umerudi. Unataka kazi?"

"Ndiyo, afande."

"Unapenda kuongoza?"

"Hapana."

"Uko na mutu anatangulia?"

"Niko naye. Iko humu ndani tayari. Venuste."

Herbert akamtazama Gervais, kisha ngata iliyokuwa begani kwa Doriane. Hakuona tatizo. Mtu wa mbele ni yule yule, wa nyuma ni mwenye nguvu zaidi.

"Alikufa wapi?"

"Hapa," alisema Doriane. "Ku ngazi zenu."

"Hapa hakuna mutu amekufa," alisema Herbert. Hakulisema kwa ukali. Nyuma yao wabebaji wengine walikuwa wamefika, wamesimama wakisikiliza. "Mimi siwezi kuingiza mutu anasema maneno hiyo. Sema tena, nyabo. Alikufa wapi?"

Doriane akamgeukia Gervais. Gervais alikuwa shahidi, alikuwa nyuma ya Venuste, alijua ngazi, alijua paipu, alijua nani alishika miguu na nani alishika mabega wakati wa kumtoa nje. Maneno yote alikuwa nayo. Alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kujibu, na pale getini hakukuwa na aliyesema neno la kwanza. Angeweza kulisema yeye. Akaufunga mdomo.

"Barabarani," alisema Doriane.

"Namna gani?"

"Alikuwa anapita."

"Sawa. Ingia."

Kwa watu wa mlima wao, barabara haina mwenye nyumba, mjane mwenyewe ndiye husema; na neno la mahali likishasemwa mbele ya mashahidi limesemwa, halirudishwi. Tangu dakika hiyo matanga ya Venuste yalikuwa yameanuliwa. Doriane angeweza kukivua kitambaa cheusi, kunyoa nywele, kupanda maharage. Hakukivua. Alivaa gambuti, akafuata ujia ulioelekea stoo.

"Na wewe mzee," Herbert alimwuliza Gervais, "uko na mutu mwingine?"

Gervais aliwapitia marehemu wake. Mama yake alitembea wa mwisho, akiokota walivyoangusha wenzake. Baba yake alishika machela upande wa nyuma, ndiye aliyemfundisha. Kaka yake alijificha nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ndiko walikomkuta.

"Bote ni ba nyuma, shefu."

Herbert alisikitika kweli. Akampa ufagio wa ujia wa juu, kati ya stoo na ngazi, kazi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo Gervais alikuwa hapo rolo ya kwanza ilipotoka. Aliiona ncha ya bomba ikitokea mlangoni, ikamsogelea, naye akapisha na ufagio wake. Aliisikia sauti ya Venuste ikisema, "Maji," na sauti ya Doriane, nyembamba, ikijibu, "Nimeona." Kwenye ngazi ya tatu bomba likasimama. Paipu ilikuwa ikidondosha maji juu ya rolo, na matone yakatiririka kwenye nailoni mpya. Doriane alisimama ngazi mbili juu zaidi, mzigo begani, akitazama mbele kwa macho ambayo Gervais aliyajua. Aliinua mkono wake mmoja ulio huru, akaunyoosha juu ya rolo, vidole vikawa vinafanya kazi hewani, taratibu, mahali penye urefu wa kola ya mtu, kama vya mwanamke anayetengeneza kitu kilichokunjika. Midomo yake ilikuwa ikisema jina. Nyuma yake walikuwa wamejipanga yule mwanamume na dada yake, yule mama na baba yake, na mjane wa askari, mabomba yote yamesimama.

"Mama, songa!" Herbert alipiga kelele kutoka chini. "Mashine inangoja!"

Doriane aliurudisha mkono kwenye bomba, akashuka. Gervais alichungulia mpaka walipofika chini. Kutoka pale alipokuwa amesimama, pembeni, hakukuwa na mtu mbele ya Doriane.